Neno Lililokula Kalumya

Zamani za Wabelgiji, katika machimbo yote ya bati nyuma ya Kindu, ungemuuliza mchimbaji yeyote ule udongo wa juu usio na kitu unaitwaje, angekujibu bila kufikiri: udongo tasa. Ungemuuliza mstari wa jiwe jeupe unaopita katikati ya mwamba, angekuambia mshipa. Hakuna aliyejiuliza maneno hayo yametoka wapi. Walidhani yameota yenyewe kama uyoga baada ya mvua. Wapi! Yalitoka kinywani mwa mtu, na mtu huyo aliitwa Bulaimu, mwana wa Kindu, mtaa wa Waungwana. Kinywa hichohicho ndicho kilichomponza. Mimi nasema kilimponza yeye; wengine wanasema kiliwaponza wakwe zake, yeye aliendelea kula na kushiba. Tusibishane. Nitakueleza jinsi kijito kizima kilivyoliwa na neno moja, kisha utalaumu unayemtaka.

Babu yake alitoka pwani na mzigo wa mtu mwingine kichwani, akabaki Maniema kwa sababu miguu ilikataa kurudi. Bulaimu alirithi kanzu, msahafu, na Kiswahili kinyoofu cha kutamkwa taratibu, ambacho hata wanawake wa sokoni walisimama kukisikiliza. Mali nyingine hakuwa nayo. Lakini ulimi, jamani, ulimi alikuwa nao.

Kompanyi ya bati ilimchukua kwa ajili ya ulimi huo. Siku zile vijana waliletwa Kindu kwa meli na kwa garimoshi kutoka kila kabila, wengine kwa hiari, wengine kwa kamba ya chifu, wakawekwa uwanjani karibu na gati kungoja lori za kwenda porini. Wazungu waliwapigia kelele kwa Kifaransa. Kijana hajui hata neno moja, anaambiwa ukuta wa shimo unaporomoka, anasimama palepale na kutabasamu kwa adabu. Wengi walifukiwa hivyo, wengi walirudi bila vidole. Bulaimu aliliona hilo likamuuma kweli. Akasema, "Neno likieleweka, muntu anabaki na miguu yake." Msidhani alikuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, hadithi hii ingekuwa nyepesi kuisimulia.

Basi akawa mwalimu wao. Hili ni karai la kuoshea. Hii ni baramini, chuma cha kubomolea mwamba. Mchanga huu mweusi, mzito kupita mchanga wote, ndio bati lenyewe kabla halijayeyushwa. Ukiumwaga makusudi utapigwa fimbo. Wazungu walipokuwa na neno ambalo Kiswahili hakina, Bulaimu alikaa barazani baada ya swala, akaligeuzageuza mdomoni kama muhogo wa moto mpaka apate la kwake. Siku alipopata "udongo tasa" alijipiga paja kwa furaha, majirani wakadhani ameumwa na siafu. Wenzake msikitini walimtania: "Bulaimu, leo umezaa neno gani?" Naye akawajibu kwa kichwa kilichovimba, maana sifa ni pombe ambayo hata Mwislamu anailewa.

Mke wake aliitwa Mwanahamisi. Jina hilo alipewa aliposilimu. Kwa kuzaliwa alikuwa Mrega, wa kijiji kimoja msituni nyuma ya Pangi, kando ya kijito kinachoitwa Kalumya. Walipendana, hilo sikufichi. Mungu alikuwa hajawapa mtoto, na jambo hilo lilikaa nyumbani mwao kama mgeni asiyeaga. Mwanahamisi alilitania ili lisimuume. Alisema, "Weye unazaa kila siku, mimi bado. Muombe Mungu agawe vizuri."

Mama yake, Wabiwa, alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, bingwa wa kuvua kwa kukinga kijito. Wakati wa kiangazi wanawake wa kule hujenga boma la udongo na magogo katikati ya maji, wakayakumba maji yote ya upande mmoja kwa vikapu, wakaokota samaki, kaa na kamba wanaobaki wakirukaruka kwenye matope. Ni kazi ya wanawake tu. Mwanamume akitia mguu anachekwa mpaka anahama. Kalumya ilikuwa shamba lao, sehemu hii ya fulani, sehemu ile ya fulani, na sehemu ya Wabiwa ilikuwa ileile aliyovua mama yake na bibi yake. Mchuzi wa watoto wote wa kijiji ulitoka mle.

Sasa sikiliza desturi, maana mambo yote yalianzia hapo. Mama mkwe wa kule hamtazami mkwe wake usoni, wala halitaji jina lake, wala hasemi naye moja kwa moja. Akiwa na neno la kumwambia, anampa mgongo na kulisema kwa kitu kingine, chungu, mbuzi, chochote kilicho karibu. Wabiwa alikuwa akisema na kuku. "Kuku, mwambie mugeni chakula iko tayari." Bulaimu naye anamjibu kuku. Watu wa Kindu walicheka wakisimuliwa, lakini Bulaimu aliipenda heshima ile. Na desturi ilikuwa na upande wa pili: mama mkwe hamnyimi mkwe wake jibu, wala hamdanganyi. Walisema uongo kwa mkwe unakwenda kukaa tumboni mwa binti, na mtoto hapati nafasi. Mama ambaye binti yake bado hajazaa angekata kidole kuliko kumdanganya mkwe.

Hapo ndipo alipokuja Bwana Nyundo. Jina lake la Kizungu waliliacha kwenye meli. Watu walimwita hivyo kwa sababu hakupita jiwe bila kuligonga. Alikuwa mtafuta madini wa Kompanyi, mtu mpole, hakupiga, hakutukana, alikunywa chai yake na kukushukuru. Mzungu wa namna hiyo, ndugu yangu, muogope.

Alimwita Bulaimu akamwambia, "Weye njo fundi ya maneno. Mimi nataka maneno ya watu ya pori. Kila jiwe, kila muchanga, wanaita namna gani. Tutatembea pamoja."

"Maneno tu, Bwana?"

"Maneno tu."

Mnamwona Bulaimu? Maisha yake yote watu walitaka mikono ya watu weusi, mgongo, miguu. Leo Mzungu anakuja kutaka maneno! Alirudi nyumbani hakanyagi chini. Mwanahamisi alimfungia nguo, akamwambia, "Ukifika kwetu, musalimie mama. Na ufunge kinywa kidogo, baba. Kule si Kindu." Bulaimu alicheka, akamwambia asiwe na wasiwasi.

Walitembea kijiji kwa kijiji. Bwana Nyundo alikuwa na kisanduku cha vipande: jiwe jeupe, magamba yanayong'aa, jiwe la kutu, na kichupa cha mchanga mweusi. Bulaimu alivitoa, akauliza. Hili mnaliitaje? "Jiwe tu." Na hili? "Jiwe tu." Huu? "Muchanga tu." Wakifika mahali ambapo kila kitu ni jiwe tu, Bwana Nyundo alishukuru, akakunja hema, wakaondoka hata kama jua lilikuwa bado juu. Bulaimu alisikitika kwamba hapati maneno mapya. Hakujiuliza kwa nini hawakai. Macho anayo, lakini alikuwa anatazama mdomo wake mwenyewe.

Hatimaye wakafika kwa wakwe zake. Kitenge, mkubwa wa kijiji, aliwapokea kwa ndizi na kuku wa kuchoma. Bulaimu alipotoa kichupa, Kitenge alikitazama kidogo tu, akasema, "Muchanga tu." Wazee wote wakaitikia, "Muchanga tu," haraka mno, kama watu waliofundishwa. Baadaye Kitenge alimvuta pembeni, akamshika mkono.

"Mukwe," alimwambia, "ng'ambo ya kilima kile kulikuwa na kijiji. Walimwonyesha Muzungu muchanga. Leo kijiji hakuna. Siye hapa hatujui kitu. Umenisikia? Hatujui kitu."

"Nimekusikia, baba," alisema Bulaimu, na kweli alikuwa amemsikia.

Aende akalale basi! Aende akacheze bao! Lakini alipokuwa akipita nyuma ya jiko la Wabiwa aliona kikapu cha kuvulia kimetundikwa, na kwenye ukingo wake vifurushi vidogo vya majani vilivyofungwa kwa kamba. Wanawake walikuwa wameagizwa wavifungue vyote, wakakisahau kikapu hicho kimoja. Bulaimu alifungua kifurushi kimoja. Ndani mlikuwa na mchanga mweusi, na mkono wake ukashuka kwa uzito. Wanawake waliutumia kuzamisha mdomo wa kikapu ili maji yasiuinue. Nani angemfundisha Bulaimu mchanga ule ni nini? Yeye ndiye aliyewafundisha wengine. Kalumya ilikuwa imelala juu ya bati.

Hapo nampa haki yake: alikifunga kifurushi, akakificha chini ya kuni. Hakuwa na nia ya kuwauza. Alijisemea, kitu nitakificha. Lakini wanawake waliotumia mchanga huu tangu enzi za mabibi, lazima wana jina lake! Jina halisi, la zamani, si la kutungwa barazani. Neno halichimbwi, alijisemea. Neno halipakiwi kwenye lori. Nitampa Bwana neno, kitu kitabaki. Ebo! Mtu mzima, mwenye ndevu!

Akazunguka mpaka kwenye ukuta wa majani wa jiko, akakohoa ili ajulikane. Wabiwa alikuwa akimenya mihogo. Akageuka, akampa mgongo.

"Kuku," alisema Bulaimu, "muulize mama: wanawake wa Kalumya, ule muchanga muzito wa kwenye vikapu, wanauita namna gani?"

Kisu kilisimama.

"Kuku," alisema Wabiwa mwishowe, "muulize mugeni: neno hili analitaka yeye mwenyewe, ao analitaka Muzungu wake?"

Angesema kweli pale, hakuna ambacho kingetokea. Mama mkwe anamjibu mkwe, si Mzungu wa mkwe. Mlango ulikuwa wazi wa Wabiwa kunyamaza bila dhambi, na ndiyo sababu aliuliza. Bulaimu aliuona mlango huo. Aliuona, akausukuma ukafungwa.

"Kuku, mwambie mama ni mimi mwenyewe nalitaka."

Wabiwa akalitoa neno. Alilisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayetema mfupa mkononi, kisha akaendelea kumenya. Mimi ninalijua neno lenyewe lakini hapa sitalisema. Limeshafanya kazi ya kutosha.

Bulaimu alikwenda hemani alasiri ileile. Bwana Nyundo alikuwa akinywa chai. Bulaimu alilitamka neno vizuri, akalirudia, akaeleza jinsi sauti inavyopanda mwishoni. Bwana Nyundo aliweka kikombe chini.

"Nani anasemaka hivi?"

"Wanawake, Bwana. Ni neno la wanawake."

"Wanawake wenye kuvua mu mayi?"

"Ndiyo, Bwana." Halafu ulimi ukagonga meno. Lakini tusijidanganye, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika, na maji yakimwagika hayazoleki.

Bwana Nyundo alisema kwa upole, "Asante, Bulaimu. Tutabaki hapa."

"Lakini Bwana, ulisema unataka maneno tu."

"Ndiyo. Muntu hapeani jina kwa kitu chenye hajaona. Penye wanasema jiwe tu, hakuna kitu, ao hawakijui. Penye kuna jina, kitu iko karibu." Akanyoosha miguu. "Nyundo inachoka. Maneno haichoke."

Alieleza hivyo bila ubaya, kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia rahisi ya kuwasha moto. Bulaimu alisimama pale amekauka. Safari nzima alidhani anakusanya maneno, kumbe alikuwa akishikwa mkono kama fimbo ya kipofu, akipapasia ardhi kwa niaba ya mtu mwingine.

Asubuhi wakateremka Kalumya. Bwana Nyundo alitoa amri kwa Kifaransa, na ni nani wa kuzigeuza? Chimbeni hapa. Ondoeni udongo tasa. Mkifika kwenye changarawe, leteni karai. Maneno aliyoyazaa kwa furaha yalimtoka moja moja, na wanawake walisimama juu ya ukingo wakimsikia. Muoshaji aliitwa Florentin, kijana aliyepita mikononi mwa Bulaimu uwanjani Kindu. Alichota changarawe, akalizungusha karai majini, mawe yakatoka, mchanga mwepesi ukatoka, Bulaimu akamsogelea.

"Ndugu yangu," alimnong'oneza, "tikisa zaidi kidogo. Mayi ichukue yote. Hawa ni wakwe zangu."

Florentin hakuinua kichwa. "Mwalimu, weye njo ulitufundisha: mwenye kumwaga muchanga mweusi anapigwa fimbo. Ulitufundisha vizuri. Sijasahau."

Na pale chini ya karai, maji yalipokwisha, ukabaki mchanga mweusi, mnono, umejikunja kama mwezi mwandamo. Bwana Nyundo aliutazama, akamgusa Bulaimu bega.

Siku zilizofuata waliletewa sonda, bomba la chuma linalozamishwa ardhini huku wanaume wakizunguka juu yake kama ng'ombe wa kinu cha kukamulia mafuta, ili wajue bati limeshuka mpaka wapi. Lilikuwa limeshuka vizuri. Kitenge alikuja mara moja tu kutazama. Hakumtukana Bulaimu. Alimtazama, akatema mate pembeni, akaenda zake. Wabiwa hakuonekana, chakula kililetwa na jirani, na kuku wake alizunguka uani hana wa kumtuma.

Bulaimu akarudi Kindu. Alimwambia mkewe safari ilikuwa njema, mama hajambo. Alisema hivyo, Mwenyezi Mungu amsamehe, na Mwanahamisi akafurahi. Bulaimu alikaa kwa hofu kama mwizi anayesikia mbwa kwa mbali. Alikwenda mara nyingi kwa Bwana Nyundo kumsihi: wachimbe juu, waiache sehemu ya chini wanawake wavue, waache hata kipande. Bwana Nyundo alimjibu kwa upole kwamba yeye anatafuta tu, wanaochimba ni wengine. Wengine wakamjibu kwamba wao wanachimba tu, wanaoamua wako Ulaya. Hivyo ndivyo ulivyokuwa ule ukoloni, kila mlango unakuelekeza mlango mwingine, na wa mwisho uko ng'ambo ya bahari.

Msimu wa mvua ulipokwisha, habari zikamfikia Mwanahamisi sokoni, kutoka kwa mwanamke wa Pangi aliyekuja kuuza mafuta ya mawese. Kalumya imefungwa kwa juu na kugeuzwa, inapita kwenye mifereji ya mbao kuosha changarawe. Kijiji kimehamishiwa barabarani, kwenye nyumba za mstari kama meno. Wanaume wamepewa karai na baramini. Wanawake wakionekana kijitoni wanafukuzwa. Watoto wanakula muhogo mkavu. Na kila mtu anajua neno lilitoka kwa nani.

Alirudi nyumbani, akaweka kapu chini. Bulaimu alikuwa barazani.

"Ni kweli mama alikuuliza kama njo weye unalitaka neno?"

"Ni kweli."

"Na ulimujibu nini?"

"Nilimwambia ni mimi. Mwanahamisi, nililitaka kweli. Wallahi nililitaka. Lilikuwa neno tu."

"Mama alikupa kwa sababu ya tumbo langu," alisema Mwanahamisi. "Aliogopa kukudanganya nisije nikakosa mutoto. Weye hukuogopa kumudanganya yeye?"

Bulaimu hakuwa amelifikiria hilo. Hiyo ndiyo aibu yake kubwa, kuliko zote: desturi aliijua kwa upande unaomfaa yeye, akaisahau kwa upande unaomfunga. Alitaka kumshika mkono, mkono ukaondolewa. Tangu siku hiyo Mwanahamisi alipika, akafua, akateka maji, na hakutania tena. Bulaimu angetoa kila neno alilowahi kutunga ili amsikie akimtania mara moja. Ilimuuma mchana kutwa, na majuto, kama wasemavyo, ni mjukuu, hukujia ukiwa huna nguvu za kumbeba.

Basi ikawa asubuhi moja uwanjani kwenye gati. Meli ilikuwa imeleta vijana wapya, na wengine walikuwa wametoka upande wa Pangi, Warega watupu. Bulaimu alisimama mbele yao, anataja kitu, nao wanakirudia kwa pamoja kwa sauti kubwa, kwa maana hivyo ndivyo neno linavyoingia kichwani. "Karai!" "Karai!" "Changarawe!" "Changarawe!" Mlinzi wa lango alikuwa akisinzia. Mwanamke mrefu, mkavu, miguu imejaa vumbi la njia, alipita karibu naye, akaja moja kwa moja katikati ya uwanja, akasimama mbele ya Bulaimu. Hakumpa mgongo. Alimtazama machoni.

"Bulaimu," alisema Wabiwa.

Vijana wa Kirega waliziba vinywa vyao. Mmoja alitazama chini kama aliyemwona mama yake uchi. Mama mkwe amemtaja mkwe jina lake, uso kwa uso, mbele za watu! Kule hakuna haja ya hakimu wala mashahidi. Neno hilo moja lilitosha: mwanamume aliyesimama pale hakuwa tena mkwe wa mtu yeyote.

"Mama..." alianza Bulaimu.

"Mimi si mama yako. Nimekuja kuchukua mutoto wangu." Hakupaza sauti. "Lakini kwanza nataka kukuuliza, kwa sababu wanasema weye njo unafundisha watu majina ya vitu. Pale penye Kalumya ilikuwa inapita, sasa kuna mashimo ya mayi mekundu, na vilima vya mawe yenye yameoshwa, hayaoti hata jani. Nimeuliza wazee wote. Siye hatuna neno la kitu kama kile. Kinaitwa namna gani?"

Angeweza kunyamaza. Angeweza kulia, kupiga magoti, kusema sijui. Lakini alikuwa ameulizwa neno, na neno alikuwa nalo, alilitunga mwenyewe mwaka uliopita, na mdomo wake haukuwahi kujifunza kazi nyingine.

"Makapi," alisema Bulaimu. "Tunaita makapi."

Na vijana, wale wageni waliotoka mbali wasiojua lolote, wakidhani somo linaendelea, wakaitikia wote kwa pamoja kwa nguvu, "Makapi!"

Wabiwa alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa alichokuja kukifuata. Akageuka, akatoka langoni. Mwanahamisi alikuwa amesimama pale nje na mzigo wake kichwani, na alikuwa amesikia yote.